Playtime ya Jacques Tati: filamu inayomwachia mtazamaji achague pa kuangalia

Salamu kwenu wanajukwaa.

Naomba kufungua uzi huu kuhusu filamu ya Kifaransa iitwayo Playtime, ambayo Jacques Tati aliiongoza na kuigiza ndani yake, na ambayo ilitoka mwishoni mwa mwaka 1967. Nimeitazama, na tangu hapo sijaacha kuifikiria, kwa sababu karibu kila kitu tulichozoea kukihesabu kuwa cha lazima katika filamu ya kuchekesha hakimo, na hata hivyo ni miongoni mwa filamu zilizonifurahisha sana maishani. Hadithi yenyewe inasimulika kwa pumzi moja. Kundi la watalii wa Kimarekani, wengi wao wanawake, linatua Paris asubuhi. Bwana mmoja mrefu mwenye kofia, kiko, mwavuli na suruali iliyomfupikia, ambaye ndiye Monsieur Hulot, anayeigizwa na Tati mwenyewe, anaingia mjini kuonana na ofisa mmoja. Siku inapita, usiku unaingia, watu wanakutana katika mgahawa unaofunguliwa usiku huohuo, na kulipokucha basi linawarudisha watalii uwanja wa ndege. Hakuna adui wa kushindwa, hakuna siri ya kufichuliwa, wala hakuna mapenzi yanayofika kwenye ndoa.

Ninaloliona mimi kuwa kiini cha filamu hii ni kwamba Tati hatuonyeshi kichekesho. Anakiweka mahali fulani ndani ya picha pana iliyojaa watu na vioo, kisha anatuachia sisi kazi ya kukitafuta. Anaweza kuweka vichekesho vitatu kwa wakati mmoja, kimoja mbele kushoto, kingine nyuma kabisa, cha tatu katika sauti tu, naye hamshiki mtazamaji kidevu na kumgeuza kichwa. Mkipata nafasi ya kuitazama wawili au watatu pamoja, angalieni jinsi mnavyocheka kwa nyakati tofauti.

Chukueni mwanzo wenyewe. Tunaona ukumbi mkubwa wa kijivu, sakafu inayong'aa, watawa wawili wanapita, mke na mume wamekaa pembeni wakinong'onezana huku mke akimtengenezatengeneza mumewe nguo, na mtu aliyevaa sare nyeupe anapita. Kila dalili inakuambia kwamba hii ni hospitali, na hivyo ndivyo akili inavyokubali, mpaka polepole unagundua kwamba hapa ni uwanja wa ndege. Hakuna aliyetudanganya kwa neno lolote. Jengo lenyewe ndilo lililotudanganya, kwa kuwa majengo ya namna hiyo yamefanana kiasi kwamba huwezi kujua ni la wagonjwa au la wasafiri. Baadaye tunaingia katika ofisi ya wakala wa safari ambako ukutani kuna mabango ya nchi na miji mbalimbali ya dunia, na kila bango limechorwa ghorofa lile lile.

Filamu ilipigwa kwa mkanda wa milimita 70, ambao ni mpana maradufu ya ule wa kawaida wa sinema, na upana huo haukuwa wa fahari tu. Kwa picha pana na safi namna hiyo, mtu aliye mbali kabisa na kamera bado anaonekana uso, viatu na mkoba wake, kwa hiyo naye anaweza kubeba kichekesho. Picha za karibu, zile ambazo uso wa mwigizaji hujaza kioo chote ili tujue anahisi nini, Tati ameziepuka. Hata Hulot mwenyewe, mhusika ambaye watazamaji wa wakati ule walikuwa wakimpenda tangu filamu za mwaka 1953 na 1958, hakupewa nafasi ya kuwa kitovu. Mara nyingi anapotea katikati ya umati, na mjini humo wanazunguka watu kadhaa wenye koti na kofia kama zake, hata wengine wanaitwa kwa jina lake. Ni uamuzi wa ajabu kwa mtu aliyekuwa na mhusika maarufu mkononi, lakini unaendana na imani yake kwamba kila mtu barabarani anaweza kuwa mchekeshaji bila kujua.

Tukio ambalo nimelitazama na kulirudia ni lile la ofisini. Hulot ameketi akimsubiri ofisa aitwaye Giffard. Mlinzi mzee anahangaika na mtambo wa vibonye na taa kwa ajili ya kumwita tu ofisa huyo, kisha Giffard anatokea mwisho wa ukumbi mrefu mno, akiwa mdogo kama kidole, na anaanza kuja. Tunasikia viatu vyake. Anakuja, anakuja, viatu vinagonga sakafu kwa mdundo ule ule, Hulot anasimama kumpokea, mlinzi anamwashiria akae kwanza kwa kuwa mtu bado yuko mbali. Tati hakati picha hata mara moja. Mwongozaji mwingine angetupatia sekunde mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Yeye anatuachia safari nzima, na ucheshi uko katika urefu huo na katika sauti ya viatu. Kisha Hulot anaachwa peke yake katika chumba cha kusubiria chenye viti vyeusi ambavyo ukivikalia hutoa pumzi, na ukiinuka hujijaza tena kwa mlio mdogo. Anaingia bwana mwingine, anakaa, anapangusa suruali, anatia sahihi karatasi, anafunga mkoba, na kila tendo lake lina mlio wake kamili. Sauti hizi zote zilitengenezwa na kupangwa baada ya picha kupigwa, na kwa sababu hiyo kila mlio umewekwa pale ulipo kwa makusudi.

Siku nzima Hulot na Giffard wanatafutana ndani ya jengo la vioo, wanaonana kwa kivuli, wanafuatana kwa makosa, na Giffard anafikia kujigonga pua kwenye mlango wa kioo. Usiku, wakati kila mmoja ameachana na shughuli za siku, wanakutana barabarani tu, kwa bahati, na kuzungumza kama watu. Tati halitilii jambo hili mkazo wowote. Asiyekuwa makini litampita.

Na Paris yenyewe iko wapi? Mnara wa Eiffel unaonekana, lakini kama taswira kwenye mlango wa kioo unaofunguliwa, kwa nukta chache, kisha mlango ukifungwa unatoweka. Barbara, yule kijana wa Kimarekani ambaye macho yetu humfuata zaidi, anataka kumpiga picha mama mmoja anayeuza maua kwenye kona, kwa kuwa ndiye kitu pekee cha Paris aliyokuwa akiifikiria. Kila akiinua kamera mtu anapita mbele, au anasimama mwingine asiyefaa kuwamo katika picha hiyo. Rangi ya filamu nzima ni kijivu, buluu ya chuma na weusi, hivi kwamba maua yale yanapotokea yanapiga kelele.

Mji huo wote haukuwa mji. Tati aliujenga nje kidogo ya Paris, upande wa Vincennes, ukiwa na barabara za lami, majengo ya chuma na vioo, na mtambo wake wa umeme, na watu wakaupa jina la Tativille. Baadhi ya majengo yalikuwa ya kimo kidogo na yaliwekwa juu ya magurudumu ili yasogezwe, na nyuma kabisa baadhi ya watu mnaowaona ni picha za watu zilizobandikwa kwenye mbao na kusimamishwa. Kazi ilianza mwaka 1964, dhoruba ikabomoa sehemu ya ujenzi, fedha zikaisha na kutafutwa upya zaidi ya mara moja, na filamu ikakamilika baada ya karibu miaka mitatu.

Sasa niingie kwenye mgahawa, kwa maana huko ndiko roho ya filamu iliko. Unaitwa Royal Garden, na unafunguliwa usiku huo ilhali mafundi bado wako ndani. Gundi ya sakafu haijakauka, kigae kinanasa kwenye kiatu cha msimamizi. Migongo ya viti ina taji la chuma ambalo huwachapa wageni alama mgongoni. Samaki mmoja mkubwa kwenye sahani anakolezwa viungo mbele ya wateja na mhudumu mmoja kwa mbwembwe zote, mhudumu anaondoka, anakuja wa pili anamkoleza tena, kisha mwingine, na hakuna anayemla. Mhudumu mmoja amechana suruali kwenye kiti, kwa hiyo anatolewa asionekane na wageni, na kuanzia hapo kila mhudumu anayepata ajali humwendea yeye abadilishane naye: mmoja anampa koti lililochanika, mwingine kiatu kibovu, mwingine tai iliyotumbukia kwenye mchuzi, mpaka maskini huyo anabeba uharibifu wa usiku mzima mwilini mwake.

Halafu kuna mlango. Bawabu ni rafiki wa Hulot wa enzi za jeshini, anamvuta aingie, na katika mvutano huo Hulot anajigonga kwenye mlango wa kioo, nao unavunjika wote. Bawabu amebaki na kitasa kikubwa cha mviringo mkononi. Wageni wanaendelea kufika, naye anaendelea kuwafungulia: anakizungusha kitasa hewani pale ambapo ukingo wa mlango ungekuwapo, mgeni anapita kwa heshima zake zote, kitasa kinarudi mahali pake. Hakuna mlango, lakini adabu ya mlango ipo. Nilicheka mpaka nikasimamisha filamu kidogo.

Wengi wakiandika kuhusu Playtime husema kwamba ni filamu ya kuulaumu mji wa kisasa. Mimi sikubaliani nao, na hoja yangu iko hapo mgahawani. Kadiri vitu vinavyoharibika ndivyo watu wanavyoanza kufurahi. Hulot anajaribu kuangua pambo la dhahabu kwa ajili ya Mmarekani mmoja tajiri na mchangamfu, na sehemu ya dari inaporomoka. Badala ya kufukuza watu, tajiri yule anakigeuza kifusi kuwa ukumbi wake binafsi, na mbao zinazoning'inia zinakuwa lango. Anayeruhusiwa kuingia ni yule tu mwenye alama ya taji mgongoni. Bendi inaacha kupiga, Barbara anakaa kwenye piano, watu wasiojuana wanaimba pamoja. Mlevi aliyetolewa nje anaifuata taa ya mshale inayozunguka mlangoni na kujikuta amerudi ndani. Jengo ni lile lile lililokuwa baridi mchana. Kilichobadilika ni kwamba binadamu wameligusa, wamelikwaruza, wamelikalia wanavyotaka, likawa lao. Hiyo siioni kuwa lawama. Tati anaamini kwamba watu wataushinda mji wowote watakaojengewa, ili mradi waachiwe usiku mmoja.

Na asubuhi yake ndiyo inayothibitisha. Magari na mabasi yamesongamana kwenye kipilefti, hayaendi ila kuzunguka polepole, muziki wa sherehe unapigwa, na kwenye gereji ya jirani magari yanapandishwa na kushushwa, hata foleni nzima inageuka bembea ya watoto. Kwa kitambo muziki unasimama na magari yanasimama. Mtu mmoja anatumbukiza sarafu kwenye mashine ya kulipia maegesho, na bembea inaanza tena kuzunguka. Hili ni jambo dogo kabisa pembeni mwa picha, na ndilo ninalolipenda kuliko mengine yote.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa 2:

Ahsante mkuu kwa uzi uliotulia. Mimi niliianza filamu hii nikaiacha katikati ya sehemu ya ofisi. Nakiri kwamba picha ni nzuri, lakini saa nzima ya watu wakipita kwenye korido bila kisa cha kunishika niliona ni ndefu mno. Je, huoni kwamba mwongozaji ana wajibu wa kumsaidia mtazamaji kidogo?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, na hata mwaka 1967 watazamaji wengi waliihisi hivyo. Filamu ilianza ikiwa na urefu wa takribani saa mbili na nusu, na Tati mwenyewe akaipunguza ikakaribia saa mbili, baada ya kuona jinsi ilivyokuwa ikipokewa. Hata hivyo naamini uliiacha muda mfupi kabla haijakulipa. Ule ukavu wa mchana ni wa lazima kwa ajili ya usiku. Mchana watu hutembea kwa mistari iliyonyooka, wakigeuka kona kwa pembe kamili kana kwamba wamechorewa sakafuni, na usiku unapoendelea njia zao zinaanza kupinda, mpaka asubuhi ambapo hakuna anayekwenda kwa kunyooka tena, kila kitu kinazunguka. Usipokaa ndani ya ile mistari kwa muda wa kutosha, hutahisi utamu wa kupinda. Ukirudi, usitafute kisa. Chagua mtu mmoja wa nyuma na umfuate yeye tu, uone anafika wapi.

Mchangiaji wa 3:

Shikamoo mwanzisha uzi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulizoea filamu ya kigeni kuja na sauti ya mtafsiri juu yake, anayetueleza nani ni nani na nini kinakuja, na kwa kweli nusu ya raha ilikuwa hapo. Nimekuwa nikijiuliza filamu kama hii ingefikaje kwa watu wasiojua Kifaransa. Pia, maelezo yako ya Hulot yamenikumbusha sana Mr. Bean.

Mwanzisha uzi:

Marahaba. Kuhusu Mr. Bean umegonga mahali penyewe, kwa kuwa Rowan Atkinson, mwigizaji wa Mr. Bean, amewahi kumtaja Tati kuwa miongoni mwa waliomwathiri. Tofauti ninayoiona ni kwamba Mr. Bean ndiye chanzo cha vurugu, na kamera haimwachi uso wake hata kidogo, kwa sababu uso huo ndio mtaji. Hulot ni mstaarabu mno, anainama, anaomba radhi, anampisha kila mtu, na mara nyingi vurugu zinatokea yeye akiwa amekwisha kuondoka.

Kuhusu lugha, nadhani hii ni filamu inayofaa kabisa kwa mtu asiyejua Kifaransa. Maneno yaliyomo ni ya Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani kidogo, yamechanganywa na kelele za mashine na viatu, na aghalabu hayakusudiwi yaeleweke yote. Ni sehemu ya muziki wa mji. Nilizima maandishi ya tafsiri na sikupungukiwa na kitu. Mtafsiri wa kibandani angepata taabu ya aina yake, kwani ustadi wake ulikuwa kutuambia tuangalie nini, na hapa angelazimika kuchagua kona moja huku nyingine tatu zikimpita. Lakini nakubali kabisa kwamba ukumbi uliojaa watu wanaonyoosheana vidole, "tazama yule, tazama kule", ungekuwa mahali pazuri pa kuitazamia kuliko chumbani peke yako.

Mchangiaji wa 4:

Nimesoma mahali kwamba filamu hii ilimfilisi. Kama ni kweli, basi kwa maoni yangu huo ni ukaidi, si usanii. Angeweza kupiga picha kwenye majengo halisi ya Paris akaokoa mali yake.

Mwanzisha uzi:

Ni kweli ilimfilisi. Aliweka rehani mali ya familia, kampuni yake ikaanguka, na haki za filamu zake zikamtoka mikononi. Alitamani mji ule aliojenga ubaki ili vijana wanaojifunza kutengeneza filamu wautumie, lakini ukabomolewa. Alipotengeneza filamu yake iliyofuata ya Hulot, iliyotoka mwaka 1971, alikuwa na uwezo mdogo sana ukilinganisha na hapo mwanzo, na alifariki mwaka 1982 kabla ya kuona Playtime ikikarabatiwa na kuonyeshwa tena kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2002 kwa heshima inayostahili.

Inaniuma kila nikiyafikiria hayo. Hata hivyo, mkuu, kwenye majengo halisi isingewezekana. Asingeweza kumwambia mwenye benki asogeze jengo lake mita tatu ili taswira ya Mnara wa Eiffel iangukie kwenye mlango. Asingeweza kuchagua kijivu cha sakafu, cha ukuta na cha suti za watu ili maua ya yule mama yaonekane peke yake. Kile kitasa cha bawabu kinachekesha kwa sababu vioo vyote vya filamu vimepangwa saa nzima kabla yake: mtu anajigonga pua, mtu anadhani yuko ndani kumbe yuko nje, mtu anasalimia kivuli. Kioo kinapovunjika tumekwisha kuishi nacho kwa muda mrefu, na ndiyo maana tunafurahi. Fedha zile ziko mle ndani ya picha, unaziona.

Kwa atakayeamua kuitazama, ushauri wangu ni kwamba asiitumie simu. Kwenye kioo kidogo watu wa nyuma wanageuka nukta, na filamu hii ni ya watu wa nyuma. Tafuteni nakala iliyokarabatiwa na televisheni kubwa, au projekta na ukuta mweupe. Asiyewahi kumwona Tati kabisa aanze na filamu ya Hulot ya mwaka 1953, ile ya likizo ya ufukweni, ambayo ni fupi na nyepesi, kisha aje huku. Na mkifika Royal Garden, msimpoteze yule mhudumu aliyechana suruali.